Je, Wajua Kima wa Jiwe Alivyogeuka Mtoto Mwenye Mkia?

Dragon Ball ni hadithi ya vibonzo, au manga kama Wajapani wanavyoziita hadithi za aina hiyo, iliyoandikwa na kuchorwa na Akira Toriyama, nayo ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la kila juma la Weekly Shonen Jump tangu mwishoni mwa mwaka 1984 hadi katikati ya mwaka 1995, ikafikia sura 519 ambazo zilikusanywa katika vitabu 42. Watazamaji wengi wa televisheni wanaikumbuka kwa mapigano yake ya angani, ambamo mashujaa wenye nywele zilizosimama hurushiana miale ya nguvu mpaka milima ikamomonyoka, lakini hadithi yenyewe haikuanzia huko. Ilianza kama mchezo wa kuigeuza riwaya kongwe ya Kichina ambayo watoto wa Japani huijua tangu wakiwa wadogo, na yeyote atakayezisoma sura zake za mwanzo sambamba na riwaya hiyo ataona kwamba Toriyama hakuazima sana kisa. Aliazima vyombo vya kisa, yaani fimbo, wingu, upepeo na mkia, kisha akavipa kazi ambazo wasimulizi wa zamani hawakuzikusudia.

Riwaya hiyo ni Safari ya Magharibi, iliyochapishwa katika mji wa Nanjing mwaka 1592 ikiwa na sura 100, na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Wu Cheng'en, ingawa toleo hilo halikutaja jina la mwandishi. Msingi wake ni safari ya kweli: katika karne ya 7 mtawa wa Kibudha aliyeitwa Xuanzang aliondoka China kwenda India kutafuta maandiko matakatifu ya dini yake, akarudi mwaka 645 akiwa na maandiko 657. Kadiri karne zilivyopita wasimulizi walimwongezea mtawa huyo wafuasi wa ajabu, na aliyewapita wote kwa umaarufu ni Sun Wukong, kima aliyezaliwa ndani ya jiwe, akajifunza kujigeuza kwa namna 72, akajipatia fimbo ya chuma yenye uzito wa jin 13,500, ambazo ni karibu tani 8, inayoweza kurefuka hadi mbinguni au kunywea mpaka ikachomekwa sikioni kama sindano. Kwa kichwangomba kimoja juu ya wingu lake aliweza kuvuka li 108,000, yaani zaidi ya kilomita 50,000. Baada ya kufanya fujo mbinguni alifungiwa chini ya mlima kwa miaka 500, akatolewa ili amlinde mtawa njiani pamoja na Zhu Bajie mwenye sura ya nguruwe na Sha Wujing, jini wa Mto wa Mchanga Utiririkao.

Wajapani huyasoma maandishi ya jina la kima huyo kwa matamshi yao wenyewe, nayo hutoka Son Goku. Kwa jina hilo aliingia katika vitabu vya watoto, katika vibonzo vya Osamu Tezuka vilivyotoka kati ya mwaka 1952 na 1959, na katika filamu ya katuni ya kampuni ya Toei ya mwaka 1960, hata Toriyama, aliyezaliwa mkoani Aichi mwaka 1955, akakulia katika nchi ambamo Son Goku alikwisha kuwa mwenyeji. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mzaha juu ya hadithi hunoga pale tu msomaji anapoijua hadithi yenyewe. Asiyemjua mtawa hawezi kucheka aonapo nafasi yake imekaliwa na msichana mwenye pikipiki.

Kabla ya Dragon Ball, Toriyama alikuwa tayari na jina kwa sababu ya Dr. Slump, vibonzo vya kuchekesha alivyovichora tangu mwaka 1980 hadi 1984. Mhariri wake, Kazuhiko Torishima, alitambua kwamba mchoraji huyo alipenda mno filamu za mapigano za Hong Kong, hasa za Jackie Chan, akamshauri achore hadithi ya namna hiyo, na jaribio la kwanza, Dragon Boy, likachapishwa mwaka 1983. Wazo la kuirudia Safari ya Magharibi lilipokuja, shujaa wa rasimu za awali alikuwa kima kamili; kwa kuwa alifanana mno na yule wa Wachina, Toriyama alimgeuza mtoto wa kibinadamu, akamwachia mkia peke yake uwe kumbukumbu ya asili yake. Uamuzi huo mdogo wa mchoraji ulikuja kubeba nusu ya hadithi nzima.

Katika sura za mwanzo mageuzi yanakuja kwa mfuatano wa kupendeza. Goku, kwa kuwa shujaa huyo alibaki na jina la kima, anaishi peke yake porini, hajawahi kuona gari wala mwanamke, anayo fimbo inayorefuka aliyoachiwa na babu aliyemlea, na baadaye anapewa wingu la kupanda ambalo humkubali mwenye moyo safi tu, kiasi kwamba mzee mwenyewe anayelitoa anapojaribu kulipanda anaanguka chini. Mahali pa mtawa mtakatifu amewekwa Bulma, msichana wa miaka 16 mwenye akili ya ufundi, aliyetengeneza chombo cha kugundua mahali zilipo tufe 7 zenye nyota. Anayezikusanya zote humwita joka ambalo hutimiza tamanio moja. Mtawa alitafuta maandiko kwa ajili ya wokovu wa viumbe wote, ilhali Bulma, baada ya kufikiria kuomba matunda ya stroberi yasiyokwisha, anaamua kuomba mchumba. Nguruwe Zhu Bajie amekuwa Oolong, ambaye naye hujigeuza maumbo, ila kwa dakika 5 tu. Na jini wa mto wa mchanga amekuwa Yamcha, mnyang'anyi wa jangwani anayetetemeka mbele ya wanawake. Hata majina ni mchezo, kwa kuwa Oolong ni aina ya chai ya Kichina, na Yamcha linatokana na neno la Kikantoni la kwenda kunywa chai pamoja na vitafunio.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mchoraji huyu alivyofikiri ni ule wa taji la dhahabu. Katika riwaya, kima amevishwa taji ambalo hukaza na kumuumiza kichwa kila mtawa anapotamka maneno ya siri, na hiyo ndiyo njia pekee ya kumtiisha. Toriyama aliliondoa taji kwa Goku, ambaye hana uovu wa kutiishwa, lakini hakuitupa hila yenyewe: Bulma anamlisha Oolong kidonge, na kila atamkapo neno fulani nguruwe huyo anashikwa na tumbo la kuhara. Adhabu ya kidini imekuwa kichekesho cha watoto, na bado inafanya kazi ile ile ya kumzuia mfuasi mkorofi asitoroke.

Vivyo hivyo kwa Mlima wa Moto. Wachina walisimulia kwamba msafara ulizuiwa na mlima unaowaka, ukalazimika kuutafuta upepeo wa Binti Upepeo wa Chuma, mke wa Mfalme Fahali. Katika vibonzo yumo Mfalme Fahali, umo moto unaoizingira ngome yake, na upepeo unatafutwa kwa Kame-Sennin, mzee wa kobe, ambaye inabainika kuwa alikwisha kuutupa. Badala yake mzee huyo anakusanya nguvu za mwili viganjani na kuzirusha kama mwale, akauzima moto na kuifagilia mbali ngome pamoja nao. Hapo ndipo pigo la Kamehameha, linalojulikana leo duniani kote, lilipoonekana mara ya kwanza, likiwa limepewa jina la mfalme wa Hawaii ambalo silabi zake za mwanzo, kame, kwa Kijapani maana yake ni kobe. Kwa maneno mengine, silaha maarufu kuliko zote katika vibonzo vya Kijapani ilizaliwa kujaza pengo la chombo cha riwaya kilichopotea. Tufe nazo hazikutoka katika Safari ya Magharibi. Chanzo chake ni riwaya ya Kijapani ya Kyokutei Bakin kuhusu mashujaa wanane wenye shanga nane, iliyotoka kati ya mwaka 1814 na 1842, na Toriyama akazifanya saba ili zisifanane.

Ili kuelewa kwa nini hadithi iliiacha njia ya mtawa, ni lazima kuitazama kama kitu kinachotengenezwa kwa mikono. Manga ya gazeti huchorwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama yasomwavyo maandishi ya Kiarabu, na kwa Dragon Ball kila juma lilidai kurasa 14 au 15 zilizokamilika. Gazeti lilikuwa na kadi za posta ambazo wasomaji walijaza kutaja hadithi walizozipenda, na hadithi iliyoshuka katika kura hizo ilikuwa hatarini kukatwa. Tufe zilipopatikana mara ya kwanza, na Oolong akaliharibu tamanio la mtawala mmoja mwovu kwa kuwahi kuomba nguo ya ndani ya kike, kura hazikuwa nzuri. Ndipo Goku akapelekwa kufunzwa na mzee wa kobe na kuingizwa katika mashindano ya mapigano, na wasomaji wakaongezeka. Ugumu wa wino nao uliamua mengi. Goku alipopata umbo jipya la nguvu liitwalo Super Saiyan, nywele zake ziliachwa nyeupe kwenye karatasi, na rangi zilipotumika zikawa za dhahabu, na Toriyama alieleza kwamba hilo lilimwokolea msaidizi wake saa nyingi za kujaza weusi.

Mkia, hata hivyo, haukusahauliwa. Goku akiutazama mwezi mpevu hugeuka sokwe wa kutisha, na mnamo mwaka 1988 ikafichuliwa kwamba yeye si mwanadamu bali ni mtu wa kabila la Saiya kutoka sayari nyingine, jina linalopatikana kwa kuzipindua silabi za yasai, yaani mboga, kama wafanyavyo watoto wa Uswahilini wanaposema kwa kinyume. Alama iliyobakizwa kwa heshima ya kima wa zamani ikawa ufunguo wa hadithi mpya kabisa, ya kisayansi na ya vita vya sayari. Sura za baadaye zina nguvu kubwa, lakini kwa wepesi wa ubunifu hazizifikii zile 23 za mwanzo, ambamo kila ukurasa unajibizana na kitabu cha kale, na msomaji anayetaka kumjua Toriyama vema aanzie hapo, si kwenye vita.

Wachoraji wa vibonzo Eiichiro Oda wa One Piece na Masashi Kishimoto wa Naruto wote wamekiri deni lao kwake. Ilipotangazwa tarehe 8 Machi 2024 kwamba Toriyama alifariki tarehe 1 ya mwezi huo akiwa na umri wa miaka 68, miongoni mwa waliotoa rambirambi alikuwa msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China, nchi alikotoka kima wa jiwe.