Anayetoa Ushuhuda Akubali Kuulizwa

Yeyote anayefuatilia mbio za wanariadha wetu anaijua sentensi hii kabla haijatamkwa. Mshindi amekata utepe, jasho linamtiririka, na mtangazaji anamwelekezea kipaza sauti ili aeleze alivyoshinda. Aghalabu jibu lake la kwanza halihusu kasi, wala mazoezi, wala wapinzani. Husema, "Kwanza namshukuru Mungu." Wapo wanaopiga magoti, wapo wanaofanya ishara ya msalaba, na wapo wanaokwenda mbali zaidi. Katika Michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 2012, Meseret Defar wa Ethiopia alipokwisha kushinda mbio za mita 5,000 alichomoa picha ya Bikira Maria kutoka ndani ya fulana yake na kuiinua mbele ya kamera za dunia nzima.

Kuna watu wanaokerwa na mambo hayo. Baadhi yao ni wasomi wenzangu, ambao hunena kwamba riadha ni mapafu, miguu na saa, na kwamba Mungu hana nafasi katika hesabu hiyo. Hata wakuu wa michezo wana wasiwasi wao. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki hairuhusu propaganda ya kisiasa, ya kidini wala ya rangi katika viwanja vya mashindano, na sheria za soka zinakataza maandishi ya kidini kwenye sare za wachezaji.

Mimi siungi mkono kumziba mtu kinywa. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na isimu hutufunza kwamba maneno mengi hutamkwa ili kutimiza tendo fulani, wala si kutoa habari tu. Shukrani ni mojawapo ya matendo hayo. Mpwani aliyeulizwa hali yake hujibu "Alhamdulillahi" hata kabla ya kusema kwamba anaumwa. Hapa Kitengela ninakoishi, Jumapili asubuhi vipaza sauti vya makanisa ya mabati hushindana kutoka kila pembe, na watu hukutana njiani kwa "Bwana asifiwe" badala ya "Hujambo". Ukishuka barabara ya Namanga hadi mjini Kajiado utawasikia Wamaasai wakimtaja Enkai, na neno hilohilo ndilo wanalotumia kwa mvua. Mtu aliyekulia katika lugha za namna hii akikatazwa kumtaja Mungu siku ya furaha yake kuu, atakuwa ameamriwa kuzungumza kwa ulimi wa kuazima.

Basi shukrani na iachwe. Ninalotaka tulitafakari, msomaji mpendwa, ni kile kinachofuata baada ya shukrani, siku mwanariadha anaporudi nyumbani, akaalikwa kanisani, akasimamishwa mbele ya waumini na kuombwa kutoa ushuhuda.

Neno hilo lina ukoo mkubwa. Tumelipata kutoka Kiarabu, na ndugu zake ni shahidi, ushahidi na shahada. Kanisani tunasema ushuhuda na mahakamani tunasema ushahidi, lakini mzizi ni mmoja. Shahidi wa mahakamani huapa, husema aliyoyaona, kisha hukaa palepale kizimbani ili upande wa pili umhoji. Asiyekubali kuhojiwa maneno yake hayapewi uzito. Neno shahidi lina maana nyingine vilevile, nayo ni mtu aliyeuawa kwa sababu ya imani yake. Kila tarehe 3 Juni Wakristo wa Afrika Mashariki humiminika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, waliochomwa moto hapo mwaka 1886. Kwa hiyo lugha yenyewe inatudokezea masharti mawili: anayetoa ushuhuda awe tayari kuulizwa, na awe tayari kugharimika.

Ushuhuda wa wanamichezo tunaousikia siku hizi mara nyingi hautimizi sharti hata moja. Umekuwa na umbo lake maalumu, kama ngano: niliomba, nikafunga, nikashinda. Waumini hupiga makofi, mchungaji husimama na kufafanua kwamba anayemcha Mungu hawezi kuwa mkia, kisha sadaka hukusanywa. Sina shaka kwamba msemaji anaamini anayoyasema. Shaka yangu ni juu ya yule anayesikiliza.

Mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Kajiado aliwahi kuniuliza swali ambalo sijalisahau. Mwanawe hukimbia. Huamka saa kumi na moja alfajiri, huomba, hufunga, na kila mara humaliza nyuma ya watu ishirini. "Mwalimu," aliniambia, "kama yule aliyeshinda alishinda kwa imani, huyu wangu amekosa nini?" Nilimjibu kwamba hakukosa kitu, ila kuna watu ishirini wenye kasi zaidi. Lakini nilijua kwamba jibu langu lilikuwa dogo kuliko mahubiri aliyokwisha kuyasikia. Kwenye mstari wa kuanzia, wanaoomba huwa ni wengi, na utepe ni mmoja. Tukiufanya ushindi kuwa kipimo cha imani, tumewahukumu wote waliobaki bila kuwapa nafasi ya kujitetea. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ningependa kusikia methali hiyo ikihubiriwa.

Wako wanamichezo ambao ushuhuda wao ulikuwa na uzito. Mwaka 1924, mjini Paris, Mskoti Eric Liddell alijitoa katika mbio za mita 100 kwa kuwa michujo ilipangwa siku ya Jumapili. Alishinda mita 400 kwa sekunde 47.6, na watu wengi hukomea hapo wanapokisimulia kisa chake. Lakini mwaka uliofuata aliacha umaarufu akaenda Uchina kuwa mmishonari, na mwaka 1945 akafia huko katika kambi waliyofungiwa raia wa kigeni wakati wa vita. Kwa maoni yangu, ile kambi inatuambia mengi zaidi kuliko ile medali.

Hapa kwetu tunaye Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1,500 mwaka 1968, ambaye pamoja na mkewe walilea watoto yatima karibu na Eldoret kwa miaka mingi bila kelele. Yuko pia Wesley Korir, asiyeficha Ukristo wake hata kidogo. Alishinda mbio za Boston mwaka 2012 katika joto kali, akaanzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wa kwao, na mwaka 2013 wapiga kura wa Cherang'any wakamtuma bungeni akiwa mgombea huru. Mbunge huulizwa maswali, na mwaka 2017 wapiga kura haohao wakamchagua mwingine. Huo nao ni ushuhuda, maana mtu amejiweka mahali anapoweza kupimwa na kukataliwa.

Halafu yuko Mwingereza Jonathan Edwards. Mwaka 1991 alikosa mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa sababu ya Jumapili. Baadaye alibadili msimamo huo, na mwaka 1995 akaruka miruko mitatu umbali wa mita 18.29, rekodi ambayo ingali imesimama. Makanisa yalimtumia kama kielelezo. Kisha mwaka 2007 alitangaza kwamba hana imani tena. Rekodi yake haikupungua hata sentimita moja. Waliokuwa wameijenga hoja ya kuwepo kwa Mungu juu ya ule mruko waliachwa bila pa kusimama.

Tusiende mbali, maana Kajiado yetu ina kisa chake. Mji wa Ngong umewafuga wakimbiaji mashuhuri kwa miaka mingi kwa sababu ya hewa na milima yake. Miongoni mwa waliofanyia mazoezi huko ni Ruth Chepngetich, ambaye tarehe 13 Oktoba 2024, mjini Chicago, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi. Saa yake ilikuwa 2:09:56, naye alimshukuru Mungu kwa ushindi huo. Machi 2025 alipatikana na dawa ya kuongeza mkojo, iliyopigwa marufuku kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine, na Oktoba mwaka huohuo akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa ilipatikana kabla ya kipimo kile.

Sikitaji kisa hiki ili kumsimanga. Kilichomo moyoni mwa mtu hakimo katika mkojo wake, na shukrani yake ya Chicago huenda ilikuwa ya kweli kabisa. Nakitaja kwa sababu ya yaliyosemwa na wengine baada ya hukumu. Wapo waliocheka wakisema, "Huyo ndiye Mungu wao." Dhihaka hiyo imezaliwa na yale mahubiri ya ushindi. Ukiwazoesha watu kwamba medali ni stakabadhi kutoka mbinguni, siku inapotiliwa shaka medali moja watamtilia shaka na Mwenye kutajwa.

Hali yenyewe si ya mzaha. Tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli, na bado orodha ya Wakenya waliofungiwa ni ndefu mno. Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi nzima iliponea chupuchupu kufungiwa, na serikali ikalazimika kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kuzuia aibu hiyo. Kijana anayekimbia alfajiri kando ya barabara ya Namanga huenda akakutana na mtu mwenye sindano kabla hajakutana na kocha. Siku hiyo atahitaji kuwa amemsikia bingwa akieleza, tena kwa tuo, jinsi alivyokataa: nani alimjia, alimwambia nini, naye alipoteza nini kwa kukataa.

Ushuhuda wa namna hiyo unaweza kuokoa mtu, lakini haupatikani bila kuulizwa. Waandishi wa habari, ambao hukata maneno ya shukrani kana kwamba ni kikohozi, wangeyapokea kisha wakauliza swali la pili. Wachungaji, ambao humwalika bingwa wiki moja baada ya kushinda, wangemwalika tena mwaka aliovunjika mguu, wadhamini walipomkimbia, wamuulize kama bado anasali na anasali nini. Wanariadha wenyewe, wanaopenda kusema kwamba sifa zote ni za Mungu, wangekumbuka kwamba aliyejiita shahidi hawezi kukasirika akihojiwa.

Na katika mji wa Kajiado liko kanisa, au yako makanisa kadhaa, ambayo yangeweza kuanza Jumapili ijayo. Yamwite mbele yule kijana wa mama wa sokoni, anayemaliza nyuma ya watu ishirini na kesho yake akaamka tena saa kumi na moja. Yampe kipaza sauti. Nadhani ana mengi ya kusema kuhusu imani, na hajawahi kuulizwa.