Iga Barrière: Gari lenye injini nyuma linafundishwaje kukata kona?

IGA BARRIÈRE, Ituri – Ukisimama kando ya barabara ya kitaifa namba 27 hapa Iga Barrière, kaskazini mwa Bunia, utaona pikipiki zilizopakiwa magunia na bidoni hadi kupita gurudumu la nyuma. Kwenye mlima, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii vizuri. Kwenye kona, mzigo ndio unataka kuongoza.

Mafundi wa magari ya mashindano wamepambana na shida hiyo hiyo kwa miaka mingi, kwenye magari mawili ya zamani yenye injini nyuma: Volkswagen Coccinelle na Porsche 911.

Coccinelle ilipata sifa kubwa kwa majirani zetu. Katika mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, na tena mwaka 1962 ikiwa mikononi mwa Tommy Fjastad. Kwenye matope, uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanasukuma gari. Lakini kilichosaidia kwenye matope kinakuwa hatari kwenye lami ya uwanja wa mashindano.

Dereva akiingia kona kwa kasi kisha akaachia gesi ghafla, uzito unahamia mbele. Magurudumu ya nyuma yanapungukiwa mshiko, na injini inavuta mkia nje hadi gari linazunguka. Coccinelle za zamani zina tatizo jingine: ekseli ya nyuma inajikunja sehemu moja tu kila upande, karibu na giaboksi. Mkia ukinyanyuka, gurudumu linaingia chini ya gari na tairi linabaki kushika kwa ukingo tu. Hapo gari linaweza kupinduka.

Kwa hiyo fundi mzuri haanzi na nguvu za injini. Kwanza anashusha gari upande wa nyuma, ili magurudumu yaegemee ndani kidogo kwa juu. Kwenye kona, gari likilala upande, tairi linakanyaga lami kwa upana wake. Pili, anafunga lame chini ya ekseli ili magurudumu yasijikunje. Tatu, anaweka mbele chuma kinene zaidi cha kuzuia gari lisilale. Hivyo magurudumu ya mbele ndiyo yanateleza kwanza, na hilo dereva analirekebisha kwa urahisi kuliko mkia uliokwisha kuondoka. Mwishoni anaweka kila gurudumu juu ya mizani yake, kisha anarekebisha urefu wa springi mpaka jumla za uzito wa magurudumu yanayokabiliana kimshazari zilingane.

Hata kiwanda cha Porsche kilipitia njia hiyo. Miaka ya 1960, baadhi ya 911 ziliwekewa uzito wa ziada ndani ya bampa ya mbele, kilo 11 kila upande. Kwa magari ya mwaka 1969, magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma milimita 57, na betri mbili ndogo zikawekwa mbele.

Lakini barabara ndiyo inaamua urefu wa gari. Mwaka 1978, Vic Preston Jr, mtoto wa yule mshindi wa 1954, alishika nafasi ya pili katika Safari na 911 iliyonyanyuliwa juu ya mawe na mashimo. Gari lililoshushwa kwa ajili ya lami lingepasuka tumbo kwenye shimo la kwanza la RN27.

Asiye na gari la mashindano pia ana la kuchukua hapa. Weka mzigo mzito chini, na usiupitishe nyuma ya ekseli. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Mkia ukishaanza kuongoza, nafasi ya kuurudisha ni ndogo sana.