Sikukuu ya Noeli: Mtoto Yuko kwa Nani?

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walikwenda naye Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, na wakati wa kurudi akabaki mjini pasipo wao kujua (Lk 2:41-52). Walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, miongoni mwa jamaa na marafiki. Maria na Yosefu hawakuwa wazazi wazembe. Kila mmoja alikuwa na sababu njema ya kuamini kwamba mtoto yuko na mwenzake, au na ndugu, au na majirani wa Nazareti. Ndivyo watoto wanavyopotea siku za sikukuu hata leo. Watu wazima hawakosekani. Ni wengi mno, na kila mmoja anadhani mwingine ndiye anayeangalia.

Tunayasema haya tukiielekea Noeli, tukiwafikiria hasa wazazi wenye watoto wadogo huko Mbagala, Chamazi, Tandika, Mbezi, Bunju na Mabwepande. Siku hiyo nyumba ya vyumba viwili hupokea wageni kumi, na hiyo ni baraka. Lakini mama yuko jikoni na pilau, baba anasindikiza wageni kituoni, dada mkubwa anasukwa nywele. Yule wa miaka miwili yuko kwa nani? Ushauri wetu ni mdogo: mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwenye zamu, na zamu ikabidhiwe kwa kauli, kama walinzi wanavyokabidhiana lindo. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache ndani ya ndoo, na huzama kimya. Usitegemee kusikia kelele. Basi ndoo na mapipa tunayoyajaza kwa kutoamini bomba yafunikwe, na mfuniko wa shimo la maji taka ukaguliwe kabla wageni hawajafika.

Wengi watakwenda ufukweni, Coco au Kigamboni. Wakazi wa pwani wanajua bamvua, ila mgeni wa kutoka bara huenda hajui: nyakati hizo maji ya bahari yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hivi, na mchanga ulioachwa wazi saa nne asubuhi waweza kuwa chini ya maji saa kumi alasiri. Mtoto ambaye hajaanza shule asiwe mbali na mkono wa mzazi. Kumwachia kaka yake wa miaka tisa ni kuwaweka wawili hatarini. Na katika safari yenyewe, tafadhali, ile mishikaki ya baba, mama na watoto wawili juu ya bodaboda moja katika Barabara ya Kilwa tuiache. Afadhali kufika kwa daladala tukiwa tumechelewa.

Kuhusu disko toto tutasema bila kuzungukazunguka. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walifariki mjini Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Wazazi wao waliwaruhusu wakafurahi, kama mzazi yeyote angefanya. Tangu hapo Jeshi la Polisi limekuwa likikumbusha katazo la disko toto kila sikukuu inapokaribia, na bado wapo wanaotafuta mlango wa nyuma. Mkristo asiwe mteja wao.

Zawadi nazo zina mambo yake. Vitu vingi vya kuchezea vinavyouzwa Kariakoo na kando ya barabara vinawaka taa na kuimba kwa kutumia betri ndogo bapa, kama za saa. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kagua kifuniko chake kabla ya kulipa: kisichofungwa kwa skrubu kiache dukani. Ikiwa imemezwa, nenda hospitali papo hapo, usingoje itoke. Puto lililopasuka nalo liokotwe vipande vyote, kwa maana huziba koo la mtoto. Zaidi ya hapo, hatuoni fahari ya zawadi inayokopewa mwezi Desemba wakati Januari inasubiri na sare za shule na madaftari.

Mbona tusijenge pango? Mtakatifu Fransisko wa Assisi alilifanya kule Greccio mwaka 1223 kwa nyasi na wanyama wa kweli, wala hakununua kitu cha kung’aa. Boksi la kiatu, udongo wa mfinyanzi na makuti yanatosha. Watoto wafinyange kondoo wao wenyewe, hata wakifanana na mbuzi au na kitu kisichojulikana. Familia yenye nauli inaweza kwenda Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na kuwaonyesha watoto mahali ambapo watoto waliokombolewa utumwani walipewa makao.

Limebaki jambo ambalo familia nyingi huona aibu kulitaja. Wageni wakizidi, watoto hulazwa popote, na pengine pamoja na mtu mzima tusiyemfahamu vema. Undugu hautoshi kuwa dhamana. Watoto walale pamoja, wageni watu wazima kando, na mtoto akisema hataki kukaa na fulani asikilizwe, asikemewe kwa kukosa adabu. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure.

Tarehe 28 Desemba Kanisa linawakumbuka Watoto Mashahidi wa Bethlehemu. Katika parokia nyingi watoto wa Utoto Mtakatifu huadhimisha siku hiyo kwa Misa, nyimbo na michezo. Waleteni, na mwenye zamu abaki nao mpaka mwisho.