Antivairasi ya Kompyuta ya Mzazi

Kompyuta ya mzazi kwa kawaida si mpya. Ni laptopu aliyomalizia mtoto chuo, au iliyotoka ofisini baada ya kununuliwa nyingine, ikapelekwa nyumbani ili baba aandikie mihtasari ya vikao vya kikoba, asome magazeti na kutazama picha za wajukuu. Baada ya muda swali linakuja: tumwekee antivairasi ipi, na iwe ya bure?

Wengi hulijibu kwa kutafuta ile inayokamata virusi vingi kuliko zote. Kipimo hicho kipo. Maabara ya AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huzijaribu programu hizi kwa virusi halisi na kuchapisha matokeo kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Lakini ukiyasoma utaona kwamba programu zenye majina zimekaribiana mno, na pengo lililobaki halimsaidii mtu kuamua. Zinapotofautiana sana ni kwenye kile mtumiaji anachokiona kwenye kioo. Baba akiwa peke yake saa tatu usiku, na mtoto anayejua kompyuta yuko mkoa mwingine, programu hii itamwambia nini? Atajua la kufanya?

Kwa kigezo hicho, mimi humwachia mzazi ile iliyokuja na Windows. Microsoft walianza kutoa antivairasi ya bure mwaka 2009 kwa jina la Security Essentials, na wakati huo ilibidi uipakue mwenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imo ndani ya mfumo, na leo inaitwa Microsoft Defender. Kuna kipindi ilishika mkia katika majaribio, na sifa hiyo mbaya bado inaifuata midomoni mwa mafundi wengi. Siku hizi hupata alama za juu kwenye maabara zile zile. Haidai kufungua akaunti, haina tarehe ya kuisha, wala haimkatizi mzee katikati ya barua yake kumwambia anunue toleo la kulipia. Ukimya huo ndio ninaoutafuta.

Programu nyingine za bure zina deni la kulipa mahali fulani, kwa sababu kampuni iliyoziandika ina wafanyakazi wanaosubiri mishahara. Nyingi hulipa deni hilo kwa matangazo yao wenyewe: leo dirisha linasema kompyuta ni nzito na kuna dawa yake kwa bei nafuu, kesho linasema mtandao wa nyumbani hauko salama. Mtu aliyezoea huyafunga bila kusoma. Mzazi husoma kila neno, akaogopa.

Wakati mwingine deni limelipwa kwa njia mbaya zaidi. Avast ni programu yenye historia ya heshima, iliyoanzia Prague mwaka 1988, na imelinda kompyuta nyingi za watu wasio na uwezo wa kulipa. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2020 iligundulika kwamba kampuni yake tanzu iitwayo Jumpshot ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji walizitembelea. Jumpshot ilifungwa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuikataza kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Mtu aliyeweka programu ili imlinde akageuzwa bidhaa. Hilo silichukulii kama jambo dogo. Anayekimbilia AVG kwa hasira ajue kwamba Avast iliinunua mwaka 2016, na leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital.

Kama kuna sababu ya kutotumia Defender, ningeangalia toleo la bure la Bitdefender, kampuni ya Romania. Linataka ufungue akaunti kwa barua pepe, ila baada ya hapo halipigi kelele nyingi. Kaspersky nayo ina uwezo mkubwa, lakini serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake nchini humo mwaka 2024, na masasisho yake huko yakakatwa. Mzazi anayeishi na wanawe Marekani aiondoe.

Lolote utakalochagua, iwe moja tu. Ukiweka antivairasi ya nje, Defender hujiweka pembeni yenyewe. Ukiweka mbili za nje, zitagombania kila faili linalofunguliwa na mashine itakuwa nzito kupita kiasi. Laptopu nyingi mpya huja na antivairasi ya majaribio, na muda wake ukiisha hubaki pale ikitoa maonyo mekundu bila kulinda ipasavyo. Iondoe kabisa, uwashe kompyuta upya, Defender itaamka.

Sasa tuje kwenye flashi, maana kwa wazazi wengi wa huku kwetu virusi havitoki intaneti. Vinatoka stationari. Mzee anapeleka barua yake kuchapishwa, flashi inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mtaa mzima, na akirudi nyumbani anakuta mafolda yake yana kialama cha mshale mdogo kwenye kona, kila moja lina ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Nyaraka zake hazijafutwa. Kirusi kimezificha kwa kuzipa sifa ya faili la mfumo, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya mara mbili ile inayoitwa “Barua za Kanisa”, inaendesha kwanza kirusi kilichojificha humo humo kwenye flashi, halafu inakufungulia folda halisi. Kwa hiyo unaona barua zako, unaridhika, na kompyuta ya nyumbani tayari imeambukizwa.

Kwa bahati njema Defender humkamata mdudu wa aina hii mara nyingi. Tatizo ni kwamba ikishamfuta, nyaraka hubaki zimefichwa, na mzazi hudhani antivairasi ndiyo imekula barua zake. Hapo ndipo wengi huizima. Dawa ni fupi. Usibofye chochote, bofya kulia kwenye alama ya flashi na uichunguze kwa antivairasi hadi iwe safi. Kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafolda yatajitokeza, nawe ufute zile njia za mkato. Kwa siku za mbele, mfundishe mzee kutuma barua stationari kwa WhatsApp, au mtengee flashi ya kuchapishia peke yake isiyo na kitu kingine cha thamani.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Laptopu nyingi za mitumba huuzwa na Windows iliyokrakiwa. Programu za kukrakia humwomba fundi azime antivairasi kwanza, na baadhi huandika folda zao kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender inaagizwa isivikague. Mzazi akikuletea mashine ya namna hiyo, alama ya ngao itaonyesha kijani, kila kitu shwari, wakati kuna folda nzima ambayo mlinzi amekatazwa kuingia. Kabla hujapoteza muda kulinganisha antivairasi, fungua mipangilio ya Defender, tafuta orodha hiyo na uifute. Kisha endesha ule uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka. Huchukua kama dakika 15 na hukamata vile vinavyojificha mfumo ukiwa unafanya kazi. Bora zaidi ni kuisimika Windows upya kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe.

Halafu kuna simu hii, ambayo mtoto yeyote wa mbali ataitambua:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kompyuta inasema ina virusi vitano, nilipe sasa hivi.”

“Inasema katikati ya kioo au kwenye kona ya chini?”

“Kwenye kona. Nikifunga, inarudi.”

Inaporudi-rudi kwenye kona hivyo, mara nyingi hakuna kirusi. Kuna tovuti aliyoitembelea mama, ikamwomba ruhusa ya kumtumia taarifa, naye akakubali akidhani ndiyo njia ya kusoma habari. Hakuna antivairasi itakayokisafisha kitu ambacho si kirusi. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya taarifa za tovuti, uziondoe zote na uzuie maombi mapya. Ukiwa hapo, weka kizuia matangazo. Kwa maoni yangu, hatua hizo mbili zinamwokoa mzazi na utapeli kuliko antivairasi yoyote ya pili.

Mfungulie pia akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi, ili programu kubwa isiweze kusimikwa bila nenosiri lako. Kama anatumia bando la simu, uweke muunganisho huo kuwa wa kupimwa ili masasisho makubwa yasimmalizie data. Ukienda kumsalimia, nenda na bando la kutosha na uyashushe yote siku hiyo.

Hilo la masasisho linatuleta kwenye mashine zenye Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida, na waliojiandikisha kwa nyongeza wakapewa hadi Oktoba 2026. Defender yenyewe wameahidi kuiletea taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na hapa ndipo watu watakapochanganyikiwa: antivairasi itaendelea kusema imesasishwa, ilhali matundu mapya ya mfumo wenyewe hayazibwi tena. Kama mashine inaweza kubeba Windows 11, ipandishe. Kama haiwezi, na mzazi anaandika barua na kusoma mtandaoni tu, mwekee Linux Mint. Ni ya bure, inakuja na LibreOffice inayofungua nyaraka zake za Word, na zile njia za mkato za kwenye flashi hazina cha kuendesha humo. Kaa naye mchana mmoja umwonyeshe zilipo barua zake na jinsi ya kuchapisha.