Je, Wajua? Ramu na Kompyuta ya Zamani

Je, wajua kwamba kompyuta ya mezani inayosumbua kufungua fomu moja pale steshenari, Mchombe au Mngeta bondeni Kilombero, mara nyingi haijafikia kutupwa? Imekosa pa kufanyia kazi tu. Ramu yake ni 2GB, iliyotosha kabisa zama za Windows XP. Leo mwenye duka anafungua kurasa kadhaa kwa mpigo: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, tangazo la ajira, matokeo ya NECTA, barua pepe ya mteja. Kila ukurasa unadai sehemu yake.

Je, wajua tofauti ya ramu na diski? Mkulima wa mpunga wa Kilombero ataielewa upesi. Diski ni ghala, ramu ni turubai la kuanikia. Ghala hata liwe la magunia elfu, turubai likiwa dogo utaanika gunia moja moja na kulirudisha ndani hadi jua lizame. Ndivyo ifanyavyo kompyuta: ramu ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuifuata huko kila inapohitajika. Diski ya sahani inayozunguka huchukua kama milisekunde 10 kukifikia kitu. Ramu huchukua karibu nanosekunde 100. Diski imeachwa nyuma mara laki moja. Hapo ndipo kishale kinapoganda kwenye kioo na foleni ya wateja inapoanza kunung'unika.

Je, wajua kwamba ugonjwa huohuo ulizusha hofu karibu na mwezi? Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiwa kinashuka, kompyuta yake ilitoa tahadhari namba 1202, kisha 1201. Zote zilikuwa na maana kwamba nafasi za kumbukumbu za kuendeshea kazi zimekwisha. Kumbukumbu yake ya kuandika na kufuta ilikuwa karibu kilobaiti 4 tu. Kikosi cha mhandisi wa programu Margaret Hamilton, kilichoandika programu ya kompyuta hiyo, kilikuwa kimeiandaa iache kazi ndogondogo na kuanza upya zile za lazima. Wanaanga wakatua salama.

Je, wajua kwamba nchi yetu, Tanzania, iliwahi kuzuia kompyuta zisiingie? Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wake, na katazo likaja kulegezwa baadaye. Nikikumbuka historia hiyo, naumia kuona mashine nzima ikiwa imefunikwa kitambaa stoo ya shule kwa sababu tu "iko slo".

Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi, ilianza mwaka 1996 kusajili vizazi, vifo na uhamaji wa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Je, wajua kwamba kompyuta ya kawaida ya mezani mwaka ule ilikuja na megabaiti 8 au 16 za ramu? Mashine yenye 8GB leo ina mara 512 ya hizo 16.

Je, wajua kwamba ramu husahau usipoikumbusha? Kila biti hukaa kwenye kapasita ndogo mno inayovuja chaji. Robert Dennard wa IBM ndiye aliyebuni mpango huo na kupata hataza yake mwaka 1968. Kwa sababu ya uvujaji, kompyuta hulazimika kuijaza ramu upya walau kila milisekunde 64, wewe ukiwa umetulia unasoma. Umeme ukikatika, basi. Bonde letu lina Kihansi yenye mitambo mitatu ya megawati 60 upande wa Mlimba, na Kidatu ya megawati 204, lakini nguzo ikianguka msimu wa masika barua yako uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda. Bonyeza Ctrl na S kila aya. Ramu kubwa haikusaidii hapo hata kidogo.

Sasa jambo linalokula hela za watu wengi: je, wajua kwamba ramu za aina ya DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina meno 240 lakini haziingiliani? DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na mkato wa katikati umewekwa mahali tofauti ili usikosee. Ukiona haiingii, usiisukume, umeuziwa siyo. DDR4 ina meno 288 na volti 1.2. Hata mashine zinazofanana sura hutofautiana: Dell OptiPlex 755 hutumia DDR2, OptiPlex 780 hutumia DDR3. Kabla hujampa mtu hela akununulie Kariakoo, ichomoe ramu iliyomo, ipige picha ile lebo yake, mtumie. Mwambie pia aikwepe ramu ya seva. Huuzwa rahisi kwa mtumba, na kwenye kompyuta nyingi za kawaida haiwaki.

Je, wajua kwamba Windows ya biti 32 haivuki 4GB? Unaweza kuchomeka 8GB na nusu yake ikakaa bure mpaka uweke mfumo wa biti 64.

Je, wajua namna ya kuhakikisha kabla ya kununua? Fungua programu zote unazotumia siku ya kazi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukikuta kumbukumbu imepanda hadi asilimia 90, tatizo ni ramu. Ukikuta kumbukumbu iko asilimia 40 na diski imegota 100 muda wote, usinunue ramu. Nunua diski ya SSD. Fundi anayekuuzia ramu bila kuangalia hapo hajakutendea haki.

Kuifunga ni kazi ya dakika chache. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Gusa bati la kasha kwanza, maana umeme tuli wa mwilini mwako unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Shika ramu kwa kingo, ilinganishe mkato, kandamiza mpaka vibano vijifunge. Ukiwasha ikapiga milio bila picha, ichomoe, safisha meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha. Na kwa kuwa umeshafungua, toa vumbi. Kwa duka lililo jirani na mashine ya kukoboa mpunga, pumba laini huziba feni na joto peke yake huipunguza kasi kompyuta.

Mwishoni mwa 2025 bei ya ramu ilipanda duniani kote. Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani ndizo hutengeneza sehemu kubwa ya chipu hizi, na zimeelekeza nguvu kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa hiyo ramu iliyomo kwenye mashine iliyokufa ni mali. Itoe, ihifadhi.

Je, wajua kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025? Kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki na Windows 11 hata ukizijaza ramu. Mfumo wa Linux Mint huziendesha vizuri kwa 4GB, na ni bure.

Walimu wakuu wa shule zetu za kata, kutoka Ifakara hadi Mlimba: kabla hamjaandika "mbovu" kwenye daftari la mali, mwiteni fundi afungue kasha mbele yenu na kuwaonyesha ni ramu ngapi imo na nafasi ngapi ziko wazi. Mashine mbili zenye 2GB za aina moja hutoa moja yenye 4GB, na wanafunzi wakaanza kuitumia wiki hiyohiyo.