Vumbi Litokalo Mbinguni

Je, mmepata kuona kimondo kikipita usiku juu ya bahari ya Bagamoyo? Vimondo vingi havizidi punje ya mchanga kwa ukubwa. Huja kwa kasi mno hata vikawaka hewani. Vingine huyeyuka, vikaganda tena kuwa vidonge vyeusi vidogo sana, vikaanguka chini. Hata pwani yetu huanguka, lakini mto Ruvu huleta mchanga mwingi ukavificha. Vilindini mwa bahari, mbali na mito, matope huongezeka polepole sana, wala hayavifichi hivyo. Meli Challenger, iliyosafiri tangu 1872 hata 1876, ilivuta matope hayo, na wataalamu wakavitoa vidonge kwa sumaku. Barafu ya Antaktika nayo huvihifadhi. Basi, kitu kidogo hutafutwa mahali patulivu.