AKIBA YA UMEME KATIKA NDEGE YENYE INJINI MBILI

Mkaaji wa Mkomani, mjini Lamu, atakaye kusafiri kwa ndege hana budi kuvuka kwanza kwa mashua mpaka kisiwa cha Manda, penye kiwanja. Huko hutua ndege za namna nyingi, na baadhi yao ni ndege ndogo zenye injini mbili. Watu wengi hufahamu ya kuwa injini moja ikizimika, ya pili huisaidia ndege kufika mahali pa kutua. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa umeme nao umewekewa akiba, na ya kuwa akiba hiyo ina mpaka wake.

Kwa kawaida kila injini huzungusha dainamo yake. Dainamo hizo mbili hugawana kazi ya kuendesha redio, taa, baadhi ya vipimo vilivyo mbele ya rubani, na katika ndege nyingi kuteremsha magurudumu. Moja ikiharibika, taa ya hatari huwaka. Rubani huitenga ile mbovu, huzima vitu visivyo vya lazima, na ile nzima huchukua mzigo uliobaki. Zote mbili zikikoma, hubaki betri, ambayo muda wake huhesabiwa kwa dakika, wala si kwa masaa.

Hata hivyo injini za pistoni hazizimiki kwa sababu hiyo, kwa kuwa kwa kawaida kila moja ina magineto mbili zitoazo cheche za kuwasha petroli bila msaada wa betri. Hatari iko kwingine. Usiku, au ndani ya mawingu, rubani asiye na taa wala vipimo hawezi kujua kama ndege imelala upande au inashuka.

Jambo hili lilionekana Marekani, katika jimbo la Illinois, tarehe 11 Oktoba 1983. Ndege ya injini mbili, aina ya Hawker Siddeley 748, kubwa kuliko hizi ndogo, iliondoka Springfield kwenda Carbondale. Punde dainamo ya kushoto ikaharibika. Kwa makosa ikatengwa ile ya kulia, iliyokuwa nzima, nayo haikuweza kurudishwa kazini. Kiwanja cha Springfield kilikuwa karibu, lakini rubani mkuu alishika njia ya mbele kwa betri peke yake. Baada ya kiasi cha nusu saa betri ikaisha, ndege ikaanguka gizani, na watu wote 10 wakafa.

Basi betri haikuwekwa ili kumfikisha abiria aendako, bali kuifikisha ndege kwenye kiwanja kilicho karibu. Hali kadhalika abiria aambiwaye pale Manda ya kuwa safari imeahirishwa kwa sababu ya dainamo moja, asinung'unike. Ndege iondokayo na dainamo moja imekwisha kula akiba yake kabla ya kuruka.